Wasomaji Wauliza: Umeme wa Saa Moja Usiku

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji walete maswali yao kuhusu namna umeme utakavyofuliwa katika miaka ijayo bila kuongeza hewa ya ukaa angani. Barua zilizofika ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: kati ya jua, upepo, maji, mvuke wa ardhini na nyuklia, ni kipi cha kutegemewa? Nimechagua barua sita, na naomba radhi mapema kwa kuwa majibu hayana urefu sawa. Niseme pia kipimo changu, kwa sababu kitajitokeza mara kwa mara. Nikisikia habari za mtambo mpya huuliza kwanza utatoa nini saa moja usiku, wakati jua limeshazama, taa zimewashwa, pasi na televisheni zinafanya kazi kwa pamoja, na gridi nzima inabeba mzigo wake mkubwa kuliko saa nyingine yoyote ya siku.

*Ndugu Mhariri, ninaishi Naivasha, na kila nikipita karibu na Hell's Gate naona moshi mweupe ukipanda kutoka mitambo ya Olkaria, na harufu ya mayai viza inanifikia hadi ndani ya matatu. Tunaambiwa umeme huo ni safi. Je, moshi ule ni nini, na kama ni safi mbona unanuka?*
— Msomaji, Naivasha

Unachokiona ni mvuke wa maji, unaotoka kwenye minara ya kupoozea mitambo na kwenye visima vinavyofunguliwa kupimwa. Harufu ni ya gesi iitwayo haidrojeni salfaidi, ambayo hupanda kutoka ardhini pamoja na mvuke. Pua ya binadamu huitambua hata ikiwa chache mno, ingawa ikijikusanya mahali pasipopita hewa huwa sumu ya kuua. Pamoja nayo hutoka hewa ya ukaa kiasi. Kwa hiyo neno "safi" ni la matangazo. Wahandisi husema umeme wa kaboni kidogo, kisha wanataja gramu za hewa ya ukaa.

Gramu zenyewe ni hizi. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, lilikusanya makadirio mwaka 2014 kwa kuhesabu kila kitu tangu kuchimba madini ya kujengea mtambo hadi siku ya kuubomoa. Kwa kila uniti moja ya umeme, uniti ile ile unayoinunua kwa tokeni, kadirio la kati lilikuwa gramu 820 kwa makaa ya mawe, 490 kwa gesi asilia, 48 kwa mashamba makubwa ya sola, 38 kwa jotoardhi (huo mvuke wa ardhini), 24 kwa maji, 12 kwa nyuklia na 11 kwa upepo wa nchi kavu. Sifuri haimo. Hata hivyo, baina ya 38 na 820 kuna tofauti ambayo harufu ya mayai viza haiwezi kuifuta.

Olkaria inastahili maelezo marefu kidogo kwa sababu ndiyo shule yetu wenyewe katika jambo hili. Visima vya kwanza vilichimbwa huko katika miaka ya 1950, vikaachwa kwa kukosa mvuke wa kutosha, na mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawashwa mwaka 1981, miaka zaidi ya ishirini baadaye. Leo uwezo wa jotoardhi wa Kenya unakaribia megawati 950, na takriban asilimia 45 ya umeme unaofuliwa nchini hutoka humo, sehemu ambayo ni nchi chache mno duniani zinazoweza kuilinganisha na yake. Ukishuka kwenye matatu ukasogea karibu, utaona mabomba mapana ya rangi ya fedha yakikimbia juu ya ardhi kisha ghafla yakapanda, yakapinda kama mlango na kushuka tena. Mapindo hayo yana kazi mbili: chuma kikipata joto hurefuka na kinahitaji pa kuchezea, na chini ya yale yaliyoinuliwa twiga na wanyama wengine hupita kwa raha, kwa kuwa mitambo imejengwa ndani ya hifadhi. Saa moja usiku mabomba hayo yana mvuke ule ule yaliyokuwa nao saa sita mchana. Hilo ndilo jambo ninalolipenda zaidi katika jotoardhi.

Teknolojia ya kesho katika fani hii ina njia mbili. Ya kwanza ni kuzuia hata hiyo hewa ya ukaa chache isitoke. Katika kituo cha Hellisheidi nchini Iceland, gesi inayotoka kisimani huyeyushwa katika maji na kurudishwa chini kwenye miamba ya volkano, na mwaka 2016 watafiti walieleza kwamba sehemu kubwa ya hewa ya ukaa waliyoizika katika majaribio ilikuwa imegeuka jiwe ndani ya miaka miwili. Miamba ya Bonde la Ufa nayo ni ya volkano, kwa hiyo wazo hilo linastahili kufuatiliwa kwetu.

Njia ya pili ni kuchimba mahali ambapo joto lipo lakini maji hayapo. Miamba hupasuliwa kwa maji ya shinikizo, maji yanasukumwa upande mmoja na kutoka upande wa pili yakiwa ya moto. Huko Utah, Marekani, kampuni ya Fervo inajenga kituo kikubwa kwa mbinu hii, ikitumia ufundi wa kuchimba visima vya kulala ulioletwa na watu wa mafuta. Ikifaulu, jotoardhi halitakuwa tena mali ya nchi zenye volkano peke yake. Tahadhari ni kwamba miamba ikisukumwa hujibu. Mji wa Pohang, Korea Kusini, ulipigwa na tetemeko la kipimo cha 5.4 mwezi Novemba 2017, na wachunguzi walioteuliwa na serikali walihitimisha mwaka 2019 kwamba mradi wa aina hiyo ndio uliolichochea.

Kuna gharama nyingine ambayo haimo katika gramu. Mwaka 2014 familia za Kimaasai zilihamishwa ili kupisha mradi wa Olkaria IV, na malalamiko yao kuhusu makazi mapya yalifika hadi Benki ya Dunia. Anayesifu mvuke, nami ni mmoja wao, asiiruke habari hiyo.

*Shikamoo Mhariri. Mimi ni fundi cherehani hapa Shinyanga. Miaka miwili iliyopita nilifunga paneli ya wati 300 na betri moja ya asidi ya amp 100, nikitarajia kuachana na umeme wa LUKU kabisa. Mchana mambo ni mazuri, lakini ikifika saa tatu usiku inveta inalia na taa zinazimika, na betri yenyewe imeanza kuvimba. Pamoja na hayo, naona paneli zinashuka bei kila mwaka. Kwa nini serikali isifunge sola nchi nzima, ikaachana na mabwawa?*
— Msomaji, Shinyanga

Marahaba, fundi. Tuanze na betri yako, kwa kuwa ndani yake mna jibu la swali la nchi nzima.

Paneli ya wati 300 ikipata jua kali kwa saa kama tano hutoa uniti moja na nusu kwenye karatasi. Vumbi, joto la bati, nyaya na inveta zikishachukua chao, hubaki uniti moja na kitu. Hiyo inatosha. Betri ya volti 12 na amp 100 hubeba uniti 1.2, lakini betri ya risasi na asidi haipendi kukamuliwa zaidi ya nusu, kwa hiyo unachoweza kukitumia kwa usalama ni uniti 0.6. Sasa hesabu usiku wako, nami nakisia tu: taa nne za wati 9 kwa saa tano, televisheni ya wati 60 kwa saa nne, feni ya wati 50 kwa saa sita. Jumla ni uniti 0.72. Kila usiku unaikamua betri kupita kiasi chake, na kila asubuhi unaijaza haraka katika joto la Shinyanga. Kuvimba kwake si bahati mbaya. Ukibadilisha, chukua ya lithiamu ile yenye chuma na fosfeti. Bei yake ya kununulia inauma, ila ya ukubwa ule ule itakupa karibu uniti nzima kila usiku na kuvumilia maelfu ya mizunguko, ambapo hiyo uliyo nayo huvumilia mia kadhaa. Na kabla ya kununua, mwombe fundi akuonyeshe kwa hesabu, kama hii, namna alivyofikia ukubwa aliokupendekezea. Asiyeweza kuonyesha hesabu, mshukuru na uende kwingine.

Kwa kiwango cha nchi habari ni hiyo hiyo. Bei ya paneli ilishuka kwa takriban asilimia 90 katika muongo ulioishia 2020, na leo katika sehemu nyingi za dunia hakuna mtambo mpya unaofua uniti ya mchana kwa bei nafuu kuliko jua. Neno zito katika sentensi hiyo ni "mchana". Saa moja usiku paneli zote kuanzia Kishapu hadi Garissa hazitoi kitu, na kuongeza paneli mara kumi hakubadilishi jambo hilo hata kidogo.

Ndiyo maana sikubaliani nawe kuhusu kuachana na mabwawa, ingawa ninaielewa hasira ya mtu aliyepitia mgao. Bwawa ni betri. Mto Rufiji umezuiwa kwa Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kuingiza umeme kwenye gridi mwezi Februari 2024. Mtambo wa maji hufunguliwa na kufungwa kwa dakika chache. Mradi wa sola wa Kishapu, hapo mkoani kwenu, uliopangwa kufikia megawati 150, unaweza kubeba sehemu ya mzigo wa mchana huku maji yakibaki bwawani, kisha yakaachiliwa jioni. Kwa mpango huo kila uniti ya jua ya saa saba mchana ni maji yaliyowekwa akiba. Na mwaka wa ukame ukija, kama ilivyokuwa 2022 mito ilipopungua na mgao ukarudi, akiba hiyo ndiyo itakayoamua kama taa zitawaka. Sola na bwawa si washindani, fundi. Ni kama sindano na uzi.

Nchi zisizo na mto wa namna hiyo zinatafuta akiba kwingine. Afrika Kusini ina kituo cha Ingula cha megawati 1,332, ambacho hupandisha maji kwenye bwawa la juu umeme unapokuwa mwingi na kuyashusha unapohitajika. Katika safari hiyo hupotea kama robo moja ya umeme, na wenyewe wanaona ni bei inayokubalika. California wamekwenda upande wa betri, na wameweka nyingi kiasi kwamba katika baadhi ya jioni za Aprili 2024, kwa muda mfupi, betri zilikuwa chanzo kikubwa kuliko vyote kwenye gridi yao. Hizo nyingi ni ndugu wa ile ya lithiamu niliyokushauri. Nyuma yake zinakuja betri za sodiamu, zinazotokana na madini yaliyo tele kama chumvi ya mezani, ambazo ni nzito kidogo kwa gari lakini uzito si hoja kwa kitu kitakachokaa mahali pamoja miaka ishirini.

Morocco ilijaribu njia yenye ubunifu zaidi. Huko Ouarzazate, vioo huelekeza jua kwenye kipokezi, joto lake likaingizwa katika chumvi iliyoyeyushwa, na chumvi hiyo huendelea kuchemsha maji kwa saa kadhaa baada ya magharibi. Kwa kipimo changu cha saa moja usiku huo ni umeme wa jua unaofaulu mtihani. Lakini mwaka 2024 tangi la chumvi la mtambo wa mnara lilivuja na mtambo ukasimama kwa miezi mingi, na wakati huo huo paneli za kawaida na betri zinazidi kushuka bei. Ningekuwa na fedha za kuweka, nisingeziweka kwenye chumvi.

Kuhusu paneli zenyewe, jina la kukumbuka ni perovskaiti. Ni tabaka jembamba linalopakwa juu ya silikoni ili kunasa rangi za mwanga ambazo silikoni huzitumia vibaya. Paneli nzuri za madukani hugeuza asilimia 20 hadi 23 hivi ya mwanga kuwa umeme. Vipande vya maabara vyenye tabaka hilo vimevuka asilimia 33. Adui wake ni unyevu na joto, kwa hiyo kabla haijathibitika kwamba inakaa miaka ishirini juu ya bati, usimwache mtu akuuzie kwa jina tu.

*Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Eldoret. Nimesoma kwamba mashine za upepo za Turkana hupunguzwa kazi usiku, huku Kenya ikinunua umeme Ethiopia. Huu si uzembe?*
— Msomaji, Eldoret

Uzembe mmoja ulikuwapo, ila ulikuwa wa zamani. Mashine 365 za shamba la upepo la Ziwa Turkana, zenye jumla ya megawati 310, zilikamilika mwaka 2017, na laini ya kuupeleka umeme hadi kituo cha Suswa, zaidi ya kilomita 400, ikakamilika Septemba 2018. Kwa zaidi ya mwaka mzima upepo ulivuma bure.

Unachokisema wewe ni jambo jingine. Upepo wa Turkana huwa mkali zaidi usiku, hadi alfajiri, na saa nane za usiku Kenya imelala. Mvuke wa Olkaria haupendi kuzimwa na kuwashwa, kwa hiyo usiku wa manane nchi ina umeme isioweza kuutumia, hata mvuke mwingine ukaachiliwa hewani, ilhali saa chache kabla yake ilikuwa ikihemea kila megawati. Ndiyo maana nasema saa ni muhimu kuliko jumla. Dawa ya bei nafuu kuliko zote ni kuisogeza kazi ifuate umeme: mwaka 2023 Kenya iliweka bei maalumu ya kuchaji magari ya umeme, ambayo hushuka zaidi saa za usiku mzigo unapokuwa mdogo, na basi linalolala likichaji ni mteja anayeufaa sana upepo wa Turkana.

Dawa nyingine ni waya, teknolojia ambayo haipigiwi picha. Laini ya volti laki tano kutoka Ethiopia hadi Suswa ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,000 na inaweza kubeba megawati 2,000. Nyingine imeunganisha Isinya ya Kenya na Singida ya Tanzania. Jua huzama Mombasa zaidi ya saa moja na nusu kabla ya kuzama Kinshasa. Gridi itakayofika pande zote mbili haitakuwa na saa moja usiku kwa wakati mmoja.

*Salamu, Mhariri. Ninafundisha fizikia Kilifi, na wanafunzi wangu wanazungumzia mambo mawili: kinu cha nyuklia kilichokusudiwa kujengwa Uyombo, ambacho wenyeji wengi walikipinga, na habari za "jua la kutengenezwa" lililowashwa Marekani. Niwaambieje?*
— Mwalimu, Kilifi

Mwalimu, watenganishie mambo hayo mawili tangu dakika ya kwanza. Moja ni kupasua viini vya atomi nzito, kazi inayofanywa kila siku. Koeberg, karibu na Cape Town, imekuwa ikifua umeme hivyo tangu 1984. La pili ni kuunganisha viini vyepesi, kazi inayofanywa na jua, na ambayo hapa duniani bado haijawasha taa ya mtu yeyote.

Kupasua viini kunafaulu mtihani wa saa moja usiku bila shida, na kwa gramu 12 hakuna wa kukudharau. Ugumu wake ni fedha, muda na ukubwa. Kinu cha Olkiluoto 3 nchini Finland kilianza kujengwa mwaka 2005, kikatarajiwa kuwaka 2009, na kikaanza kazi ya kawaida 2023. Halafu wape wanafunzi hesabu hii: mahitaji ya juu kabisa ya Kenya yalikuwa megawati 2,300 hivi mwanzoni mwa mwaka 2025. Kinu kimoja cha megawati 1,000 kikijizima ghafla, na vinu hujizima vikihisi hitilafu, nchi inapoteza zaidi ya theluthi moja ya umeme kwa kufumba na kufumbua. Gridi haisimami baada ya pigo kama hilo.

Hapo ndipo linapoingia wazo la vinu vidogo vinavyotengenezwa kiwandani na kusafirishwa vikiwa tayari. Urusi ina kituo kimoja kinachoelea juu ya meli huko Pevek, chenye vinu viwili vya megawati 35, kilichoanza kazi rasmi mwaka 2020. Lakini mradi uliotarajiwa kuonyesha njia Marekani, wa kampuni ya NuScale huko Idaho, ulifutwa Novemba 2023 baada ya gharama yake kupanda. Kwa maoni yangu vinu vidogo vina nafasi kwetu baada ya mwingine kulipia makosa ya mwanzo. Suala la taka na la ridhaa ya wenyeji linabaki pale pale hata kinu kikiwa kidogo.

Kuhusu hilo jua, tarehe 5 Desemba 2022 maabara ya NIF huko California ilielekeza leza kwenye kidonge cha haidrojeni nzito, kilicho kidogo kuliko punje ya pilipili manga. Nishati ya mwanga iliyoingia ilikuwa megajuli 2.05, na iliyotoka 3.15. Ni ushindi wa kweli, na wanafunzi wako wana haki ya kuufurahia. Kisha waambie kwamba leza hizo, ili kutoa hizo megajuli mbili, zilivuta takriban megajuli 300 kutoka gridi. Mradi mkubwa wa kimataifa wa ITER huko Ufaransa, unaotumia sumaku badala ya leza, umesogeza majaribio yake ya mafuta kamili hadi mwaka 2039, na hata huo haukusudiwi kuuza umeme. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuwa mhandisi mzima kabla ya hapo, na pengine hiyo ndiyo habari njema kwake.

*Bwana Mhariri, hapa Goma tunaishi kando ya Ziwa Kivu, na ng'ambo Rwanda wanatoa gesi ziwani na kufanya umeme. Je, ni umeme wa kaboni kidogo?*
— Msomaji, Goma

Ukiufuata moshi wake, hapana. Kituo cha KivuWatt, cha megawati 26, kimekuwa kikivuta maji ya kina kirefu tangu 2016. Maji yakipanda shinikizo hupungua na gesi hutoka kama povu la soda inapofunguliwa, kisha methani huchomwa. Methani ikichomwa hutoa hewa ya ukaa kama gesi nyingine yoyote asilia.

Hata hivyo nisingeukataza. Ziwa lenu limebeba chini yake methani na hewa ya ukaa kwa wingi wa kutisha. Ziwa Nyos la Cameroon, dogo mno likilinganishwa nalo, lilitapika hewa ya ukaa usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 na kuua watu wapatao 1,700. Kuitoa gesi ya Kivu kidogo kidogo, kwa uangalifu wa kutolivuruga tabaka la chini, ni kazi ya usalama kwanza na umeme baadaye. Kama ni umeme wenye gramu chache mnaoutaka, angalieni vituo vidogo vya maji kando ya hifadhi ya Virunga, kama Matebe. Huo ndio wa kuzidishwa.

*Mzee wangu Mhariri, mimi ni mvuvi wa Nungwi. Nakumbuka mwaka 2008, na tena kuanzia Desemba 2009, waya wa baharini ulipoharibika na Unguja ikakaa gizani wiki kwa wiki. Bahari inatuzunguka, na maji yanapanda na kushuka mara mbili kwa siku bila kukosa. Mbona hayafuliwi umeme?*
— Msomaji, Nungwi

Wenzetu wanafanya. Ufaransa ilijenga ukuta kwenye mlango wa mto Rance mwaka 1966 na bado unatoa hadi megawati 240. Lakini pale maji hupanda na kushuka mita nane kwa wastani, na kwenu, hata wakati wa bamvua kubwa, yaani siku ambazo maji hujaa na kukauka kuliko siku nyingine, ni mita nne hivi. Ukuta haulipi. Kinachoweza kufaa ni pangaboi linalozamishwa kwenye mkondo, kama yale manne ya Pentland Firth huko Scotland, megawati 6 kwa jumla. Hapo nako kuna sheria ngumu: mkondo ukipungua kasi kwa nusu, nguvu yake hubaki sehemu moja ya nane. Kwa hiyo mahali pa kufaa ni pachache, kwenye milango myembamba ambayo wewe unaijua kuliko mimi, na chumvi na kome hula chuma bila huruma.

Lakini swali lako nimelipenda kwa sababu ya kipimo changu. Bamvua la Unguja hujaa karibu na saa kumi na kukauka karibu na saa nne, mchana na usiku. Saa moja usiku, basi, maji yako katikati ya kutoka, na hapo ndipo mkondo unapokuwa mkali. Kwa siku hizo pangaboi lako lingeushinda mwanga wote wa jua. Kisha maji husogea kama dakika hamsini kila siku, na siku tatu au nne baada ya bamvua, saa ile ile ya moja usiku, yanakuwa yamejaa na kutulia tuli, na wewe unatia nanga bila kushindana nayo. Usiku huo ungebaki na betri, kama umeiweka, na ule waya unaotoka Ras Kiromoni kuja Fumba, ambao tangu 2013 una mwenzake mpya wa megawati 100.